Mdogo wangu kawapa maamuzi yake kwenye karatasi, wao wameyabandika ukutani kama pambo!

Wakuu, nina hasira tangu juzi na nisipoyatoa haya nitapasuka. Ni marefu, naombeni mnivumilie.

Mdogo wangu ana miaka 27, ana ulemavu wa akili, anakaa kwenye kituo ambacho sitakitaja. Ana kazi yake ya kukunja mashuka na anaijua haswa, lebo hasomi ila akishika shuka anakwambia la kitanda kikubwa au kidogo kabla hajalikunjua. Sasa kwa miezi kadhaa kila nikienda ananiambia kitu kimoja tu, "dada nataka ufunguo". Mwanzoni hata mimi sikumuelewa, nikampelekea kile cha kuning'iniza funguo chenye kidoli, akakiangalia akakiweka chini. Ilibidi nikae naye siku tatu tofauti, tunachora, tunanyoosheana vidole, ndo nikapata picha kamili. Anataka kuhamia kwa rafiki yake wa kazini ambaye ana chumba kimebaki wazi, alale kwenye chumba ambacho mlango anaufunga yeye. Pale kituoni funguo zote ziko kiunoni kwa wahudumu, hata akiwa anabadili nguo mtu anasukuma mlango anaingia tu, hodi hakuna.

Basi kikaitishwa kikao cha kujadili "mustakabali wake". Tulikuwa watu saba na yeye wa nane, wakamuweka kiti cha karibu na mlango. Maswali yote wakaniuliza mimi, anapenda kukaa hapa? anakula vizuri? ana marafiki? Nikasema muulizeni mwenyewe si huyo hapo. Ndo mwenyekiti akamgeukia, sauti ya juu kama anaongea na kiziwi, "unapapenda hapa eeeh?" akajibu ndiyo. Wakaandika.

Mtu yeyote anayemjua mdogo wangu anajua hilo jibu halina maana yoyote! Ukimuuliza "unapapenda hapa?" anasema ndiyo, ukimuuliza "umepachoka hapa?" anasema ndiyo vilevile, kwa sababu maisha yake yote amefundishwa kwamba mtu mwenye sauti kubwa anajibiwa ndiyo na ukimjibu tofauti kuna ugomvi. Swali ndo bovu, yeye hana kosa. Muulize leo kwa picha, kesho kwa namna nyingine, mpeleke akalale kule usiku mmoja umuone akirudi ana uso gani, hapo ndo utajua anataka nini. Nikayasema hayo kikaoni nikajibiwa eti muda hautoshi.

Halafu mdogo wangu akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa kaikunja kama anavyokunja mashuka, kona kwa kona. Kachora kitanda kimoja, mlango, na ufunguo mkubwa kuliko mlango wenyewe. Akampa mwenyekiti mkononi. Wakuu, yule mama akasema "jamani amechora vizuri, mpigieni makofi", wakapiga makofi, wakachukua pini wakaibandika ukutani pembeni ya michoro ya wenzie. Kisha wakaendelea kujadili abaki au asibaki. Wakaamua abaki, "kwa faida yake".

Mtu kaleta maamuzi yake kwa njia pekee anayoiweza, na wao wanampigia makofi kama mtoto wa chekechea.

Na hapohapo wana fomu wanayojivunia kwamba wanaheshimu uchaguzi wa wakazi, nimeiona kwa macho yangu, anachagua rangi ya taulo, anachagua akae kiti gani kuangalia TV. Taulo! Akae wapi, na nani, mlango afunge nani, hela ya mshahara wake ishikwe na nani, hayo yote yanaamuliwa na watu wengine, halafu fomu inajazwa kwamba amechagua.

Najua watakuja wa kuniambia "lakini mkuu, mdogo wako hana uwezo wa kuamua". Nimesoma sana wiki hizi kwa hiyo tusidanganyane. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa tarehe 13 Desemba 2006, Ibara ya 12 inasema watu wenye ulemavu wana uwezo wa kisheria sawa na wengine kwenye nyanja zote za maisha na nchi ziwape msaada wanaouhitaji kuutumia huo uwezo. MSAADA, sio mtu wa kuwaamulia. Na 2014 kamati ya huo mkataba ikafafanua zaidi kwamba kwa mtu mzima hiyo "faida yake" inayopangwa na wengine ikae pembeni, na hata ukihangaika ukashindwa kabisa kumuelewa basi unatafuta kwa kadri unavyoweza yeye angetaka nini. Peru walibadili sheria zao 2018, Kolombia 2019, wakaachana na kumuweka mtu mzima chini ya msimamizi kisa ulemavu, wakaweka utaratibu wa mtu kuchagua mwenyewe nani amsaidie kuamua. Hata sheria ya England na Wales ya 2005, ambayo bado inaruhusu mtu kuamuliwa, inasema usimhesabu mtu kuwa hawezi kuamua mpaka njia zote zinazowezekana za kumsaidia zijaribiwe zishindikane, na usimhesabu hawezi eti kwa sababu uamuzi wake wewe unauona sio wa busara.

Hilo la mwisho nimelirudia kulisoma mara nyingi. Mimi nimewahi kumkopesha mtu hela ambayo kila ndugu aliniambia hatarudisha na kweli hakurudisha, mbona hakuna aliyeniitishia kikao cha watu saba? Nilikosea, nikaumia, nikajifunza. Mdogo wangu kukosea haruhusiwi hata mara moja, kosa la kwanza tu litakuwa ushahidi wa kumfungia maisha.

Na hoja ya kwamba atadhulumiwa huko nje, naielewa, na mimi usingizi unanikata nikiiwaza. Ila mtu asiyewahi kuruhusiwa kusema hapana ndo rahisi zaidi kumdhulumu. Mtu anayesukumiwa mlango akiwa uchi kila siku atajuaje kwamba siku moja mtu akiusukuma ni kosa? Ulinzi ninaoutaka mimi ni watu wawili watatu aliowachagua yeye, wanaopita kumuona, wanaoangalia na hela yake bila kuishika, na yeye mwenyewe ajue ampigie nani akiogopa. Hilo linapangika, ila ni kazi, na kumfungia mlango ni rahisi zaidi.

Jana nimerudi kuomba ile karatasi. Nimeambiwa imeshaingia kwenye maonyesho ya kazi za mikono za kituo, nisubiri yaishe. Nimewaandikia barua kwamba ile karatasi waiambatanishe kwenye kumbukumbu za kikao kama kauli yake na kikao kirudiwe yeye akiwa mezani, rafiki yake wa kazini awepo maana yeye kamtaja kwa jina, na maswali yaandaliwe kwa picha na apewe kabla. Mpaka naandika hapa hawajajibu.

Kama kuna mtu humu amewahi kupinga maamuzi ya kikao kama hiki akafanikiwa, au mfanyakazi wa ustawi wa jamii anayejua barua kama hii naipeleka wapi wakiendelea kukaa kimya, naomba aniambie alianzia wapi. Na wenye ulemavu wenyewe mlioweza kuhama vituoni, ninyi ndo nataka kuwasikia kuliko wote, ni nani aliwasaidia na alifanya nini hasa, maana mdogo wangu ameshachora karatasi nyingine na safari hii amekataa kumpa mtu yeyote, anaishikilia mwenyewe.