Tupeane uzoefu: Ulifanyaje hadi antena ya nje ikashika chaneli za dijitali bila kukatika?

Mwanzisha mada (Muheza)

Ndugu wanajamvi, salaam. Nimefungua mada hii ili kila aliyewahi kuhangaika na antena ya kawaida, ile ya kunasa mawimbi ya mtambo wa ardhini na si dishi, aeleze alichopima, alichobadilisha na kilichomsaidia, maana ushauri wa "panda juu uigeuzegeuze" tumeusikia tangu enzi za chenga na hautoshi tena.

Nianze na langu. Ninaishi Muheza, takribani kilomita 37 kutoka Tanga mjini kwa mstari ulionyooka, na mtambo ninaoutegemea uko upande huo. Analojia ya Tanga ilizimwa mwishoni mwa Januari 2013, mwezi mmoja baada ya Dar es Salaam, nami nikanunua king'amuzi wiki hiyohiyo nikidhani matatizo yamekwisha. Kumbe analojia ilikuwa na huruma yake: mawimbi yakipungua, picha iliingia chenga na sauti ikakwaruza, lakini uliendelea kumtambua msomaji wa habari. Dijitali haina katikati. King'amuzi husahihisha makosa ya mawimbi kimyakimya, picha ikabaki safi kama ya mtu anayeishi chini ya mnara, hadi siku makosa yanapozidi uwezo wake. Hapo picha huvunjika vipande vya mraba, huganda, kisha kioo kikaandika kwamba hakuna mawimbi.

Kwangu huganda zaidi saa mbili usiku, taarifa ya habari inapoanza. Kwenye ukurasa wa king'amuzi wa kupimia mawimbi, nguvu inasoma 82 na ubora 35. Antena iko juu ya bomba la futi 15, nina busta, yaani kifaa cha kukuza mawimbi, nyuma ya runinga, na waya wa kama mita 25 umepita darini. Ikiwa nguvu ipo, ubora unapotelea wapi?

Mchangiaji wa Bagamoyo

Mwanangu wa Muheza, mimi nilianza kupanda juu ya paa kabla Bara haijawa na televisheni. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973 na Bara ikasubiri hadi 1994, kwa hiyo baadhi yetu wa mwambao tulijitengenezea antena za bomba la alumini zenye mikono mirefu, tukazielekeza Unguja. Kutoka hapa ni kama kilomita 45, karibu zote bahari, hakuna kilima wala jengo. Mwaka 2013 niliichomeka antena hiyohiyo kwenye king'amuzi kipya, hakikuona chaneli hata moja, nikakitukana bure. Mikono ile ilikatwa kwa mawimbi marefu ya zamani, ilhali dijitali ya huku iko kwenye masafa ya juu kuanzia megahezi 470. Kwenye megahezi 600 wimbi zima lina sentimita 50, na kijiti kinacholifaa ni karibu nusu yake, yaani sentimita 25 hivi. Nikanunua antena ya vijiti vifupi, nikaielekeza Dar es Salaam, ikashika siku hiyohiyo.

La pili ni la watu wa pwani. Kuna usiku wa joto, bahari imetulia tuli, ambapo hewa iliyo juu ya maji huyapinda mawimbi yakafuata uso wa bahari na kufika mbali kuliko desturi yake. Zamani tuliufurahia, kwa sababu tuliona vituo vya watu. Siku hizi mgeni huyo akifika juu ya masafa yaleyale anayotumia mwenyeji, humvuruga, na picha huganda pasipo mvua wala upepo. Ukiona hivyo usiiguse antena, subiri asubuhi. Mimi niliwahi kuigeuza usiku kwa hasira, nikajipa kazi ya siku mbili kuirudisha ilipokuwa.

Mchangiaji wa Mbagala (fundi)

Shikamoo mzee wa Bagamoyo. Ndugu mwanzisha mada, namba zako zimekwisha kusema. Nguvu ni jumla ya kila kinachoingia kwenye tundu la king'amuzi, zikiwemo kelele, yaani mawimbi yasiyotakiwa. Ubora ni kile ambacho king'amuzi kinaweza kukisoma. Busta haichagui, hukuza vyote viwili kwa pamoja, na ukiifunga nyuma ya runinga, inakuza mawimbi yaliyokwisha kuchoshwa na mita 25 za waya pamoja na uchafu wote walioukusanya njiani. Mahali pake ni juu, karibu na antena, kabla mawimbi hayajaanza safari, nayo hupata umeme kupitia waya uleule wa antena.

Niwape kisa kimoja. Niliitwa kwenye nyumba ambayo mwenyewe alikuwa amekwisha kununua antena tatu, zote akiziona mbovu. Niliteremsha ile iliyokuwa juu, nikafungua kile kiboksi cheusi ambamo waya hufungwa: sisimizi walikuwa wamehamia na mayai yao, na skrubu moja ilikuwa imeliwa na chumvi hadi haishiki tena. Nilipouchuna waya, wavu wa nje uliopaswa kung'aa ulikuwa mweusi, shaba ya kati imeota kijani, na nilipouinamisha, maji yalidondoka kutoka ndani yake kama yatokayo kwenye mrija. Maji huingia juu, kisha husafiri ndani ya waya bila mtu kuyaona. Niliendelea kukata kidogokidogo nikitafuta penye shaba nyekundu, na zikaenda mita nne. Nikafuata waya hadi darini, nikakuta umeungwa kwa kusokotwa kama waya wa taa na kuviringishiwa kipande cha mfuko. Waya wa antena hauungwi hivyo. Uzi wa kati na wavu wa nje vina nafasi maalumu baina yao, ukiivuruga mawimbi hurudi nyuma, na uzi mmoja tu wa wavu ukigusa wa kati kazi imekwisha.

Nilimfungia waya mzima usio na kiungo, ule wa omu 75 ulio mnene, nikafunga kichwa cha kuzungusha kila upande, cha juu nikakivika mpira na tepu, kisha kabla waya haujaingia ndani nikauacha uning'inie kama kitanzi ili maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kuongozwa hadi ukutani. Antena niliyoirudisha juu ni ileile ya tatu aliyoiita mbovu.

Mchangiaji wa Kikuyu, Kenya

Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Mimi niko Kikuyu, si mbali na Limuru, ambako imesimama mitambo inayohudumia Nairobi na viunga vyake. Mnamo Februari 2015, analojia ilipozimwa na vituo vitatu vikubwa vya binafsi vikatoweka hewani kwa karibu wiki tatu, nilipanda juu ya paa mara kadhaa nikidhani kosa ni la antena yangu, kumbe mzozo ulikuwa baina ya wakubwa.

Ila hitilafu yangu halisi ilikuja baadaye, nayo ilikuwa kinyume cha ya ndugu wa Muheza: mawimbi kupita kiasi. Muuza duka alinishauri nichukue busta ya desibeli 30, yaani inayokuza mara elfu moja, nami nikaona kubwa ndiyo bora. Nguvu ikasoma 98, ubora 20, na chaneli zikawa zinakuja na kuondoka. Mtu anayeishi karibu na mtambo akifunga busta kama hiyo, king'amuzi huzidiwa kama sikio lililowekewa tarumbeta. Isitoshe, masafa yanayozidi megahezi 694 yaliyokuwa ya televisheni yamekwisha kupewa simu, na busta za bei ya chini hukuza mpaka mnara wa simu ulio nyuma ya nyumba. Nilipoing'oa, nguvu ilishuka hadi 70, ubora ukapanda hadi 95, na sijaigusa tena.

Mchangiaji wa Tabata

Naomba niongezee jambo dogo ambalo lilinitesa miezi mitatu. Picha yangu ilikuwa safi mchana kutwa, ikianza kuganda saa moja jioni na kupona saa nne usiku. Fundi alikuja mara mbili mchana, akakuta kila kitu kizuri, akaniangalia kama mtu anayeota. Jioni moja umeme ulikatika, ukarudi, na kabla sijawasha taa niliona chaneli zote zinacheza vizuri. Nilipowasha taa ya barazani, picha ikavunjika papo hapo. Ilikuwa balbu ya LED ya bei rahisi, ambayo kifaa chake cha ndani cha kupunguza umeme hutoa kelele za redio, nayo ilining'inia chini kidogo ya mahali waya wa antena unapopita. Baadhi ya chaja za simu hufanya hivyo pia. Kaka wa Muheza, kwa kuwa unasema ni saa mbili usiku, zima vitu vya ndani kimoja kimoja huku mtu mwingine akisoma ubora.

Mchangiaji wa Lushoto

Mimi nilishindwa, na nadhani aliyeshindwa naye asikilizwe. Ninafundisha fizikia, kwa hiyo nilianza kwa hesabu: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa mnara kwa mita, ongeza kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako, zidisha jumla kwa 4.12, nawe utapata kilomita ambazo mawimbi yanaweza kufika kabla mviringo wa dunia haujayaficha. Mnara wa mita 100 na antena ya mita 9 hutoa kama kilomita 53. Kwa hiyo ndugu wa Muheza, kilomita zako 37 zimo ndani, ilimradi njia iwe wazi. Hesabu hiyo haijui milima. Nyumba yangu iko bondeni, na milima ya Usambara imesimama kati yangu na mtambo. Niliinua mlingoti hadi mita 12, ubora ukabaki sifuri.

Nikafikiri kuweka antena kwenye shamba la shemeji yangu juu ya mgongo wa mlima, ambako kweli ilishika, na kuteremsha waya hadi nyumbani, karibu mita 100. Hapo ndipo waya ulipomeza kila kitu: kwa masafa haya, hata ule mnene hupoteza desibeli zinazokaribia 20 katika mita 100, maana yake kwa kila sehemu mia zilizoingia juu hutoka moja tu chini. Niliuza waya, nikanunua dishi. Kabla hujatumia fedha nyingine, simama pale antena ilipo na uangalie mbele yake kuna nini.

Mchangiaji wa Pangani

Angalieni pia kama vijiti vya antena za majirani vimelala au vimesimama. Yangu ilikuwa imelala wakati mtambo ulirusha mawimbi ya kusimama. Niliizungusha robo duara pale pale kwenye bomba, bila kugusa kingine chochote, na chaneli zikajaa.

Mwanzisha mada (Muheza)

Nimerudi baada ya majuma mawili, nikiwashukuru wote, nami nieleze nilichokikuta. Nilizima taa na chaja zote kama dada wa Tabata alivyoshauri, ubora haukusogea. Nilipoing'oa busta, nguvu ilianguka hadi 51, ubora ukapanda kutoka 35 hadi 41, nikajua kwamba haikuwa ikinisaidia. Darini nilikuta viungo viwili vya kusokota ambavyo ni kazi ya mkono wangu mwenyewe wa mwaka 2013. Nilivuta waya mpya wa mita 18 bila kiungo, na ubora ukawa 58.

Kisha nikafanya alilosema mwalimu. Upande wa Tanga, kama hatua 40 kutoka kwangu, kuna mwembe wa jirani ambao nilipofunga antena miaka ile ulikuwa chini ya bomba langu, na sasa umelizidi. Jirani hakutaka ukatwe hata tawi, naye ana haki, kwa sababu ni embe anazouza. Niling'oa bomba, nikalihamishia kona ya jikoni, mita saba kando, ambapo mstari unapita pembeni ya mwembe, nikageuza antena kidogokidogo na kungoja sekunde kumi kila mara, maana namba za king'amuzi huchelewa kubadilika, huku mwanangu akizisoma kwa sauti dirishani. Tulisimama kwenye 76, bila busta.

Jana mvua ilinyesha kuanzia saa kumi na mbili jioni. Ubora ulishuka hadi 67, na taarifa ya habari tukaitazama hadi mwisho.