Terpsichore ni mungu wa dansi, mbona ameshika kinubi?

Mwalimu wa balei: Habari zenu wanajukwaa. Kila nikimtafuta Terpsichore, yule mungu wa kike wa Wagiriki anayesimamia dansi, namkuta na kinubi. Hata kwenye mchoro wa ukutani uliofukuliwa Pompeii, mji wa kale wa Italia, ambao sasa uko Louvre, jumba la makumbusho la Paris, jina lake limeandikwa kwa Kigiriki pamoja na neno la kinubi. Mchezaji na kinubi wapi na wapi? Na jina lenyewe limetoka wapi? Wanafunzi wangu wananiuliza.

Msomaji: Jina ni maneno mawili: terpein, kufurahisha, na khoros, kundi la wachezaji. Yaani mwenye kufurahia dansi. Hesiod, mshairi wa kale wa Kigiriki, anamtaja kati ya mabinti tisa wa mungu mkuu Zeus na Mnemosyne, mungu wa kumbukumbu, ila hamgawii yeyote sanaa yake. Mambo ya huyu dansi, yule historia, yalikuja baadaye.

Mwanakwaya: Mwalimu, kinubi kimo humohumo kwenye khoros. Sisi tumezoea waimbaji huku, wachezaji kule. Mgiriki wa kale hakuwatenganisha: anayecheza ndiye anayeimba, na kinubi ni cha kuimbia. Athens, kwenye mashindano ya dithirambo, yaani nyimbo za kumsifu mungu Dionysus, kila kabila lilileta wanaume 50 au wavulana 50, wakazunguka kwa duara wakiimba na kucheza kwa pamoja. Hebu jaribu kuimba beti nzima huku unazunguka, pumzi ikiwa ileile moja! Mimi hilo linanigusa sana, kwa sababu neno kwaya limetokana na khoros hiyohiyo, na njiani tukaiacha miguu. Orkestra nayo ni vivyo hivyo: zamani ulikuwa uwanja wa kuchezea mbele ya jukwaa, kutokana na orkheisthai, kucheza. Leo ni wapiga vyombo walioketi.

Wasomee wanafunzi wako pia Faidro, kitabu cha mwanafalsafa Plato kilichoandikwa kama mazungumzo. Sokrates anasema nyenze hupeleka habari kwa Terpsichore za watu waliomheshimu kwa kucheza, naye huzidi kuwapenda.

Mwalimu wa balei: Asante sana, hiyo ya nyenze nitaanza nayo. Kuna mtu kaniambia Herodotus, yule mwanahistoria wa Kigiriki, aliandika kitabu kizima kinachoitwa Terpsichore. Ni cha dansi?

Msomaji: Hapana. Hicho ni kitabu cha 5 cha historia yake, kinasimulia uasi wa Waionia, Wagiriki wa pwani ya Asia Ndogo, dhidi ya Waajemi. Vitabu viko tisa, na majina ya mabinti hao yalibandikwa na watu wa baadaye.