Naomba ushauri: kesi ya gazeti la The Freethinker, 1883

Habari zenu wanajamvi. Ninaandaa mada kuhusu wachapishaji wasioamini Mungu Uingereza enzi za Malkia Victoria, nimekwama. Machi 1883 G. W. Foote, mhariri wa The Freethinker, alifungwa miezi 12 kwa kukufuru. Wenzake walioshtakiwa kwa kuchapisha na kuuza gazeti hilo, Ramsey akapewa miezi 9, Kemp 3. Aprili, katika kesi nyingine ya kukufuru dhidi ya Foote na Ramsey, Jaji Coleridge akasema hata misingi ya dini yaweza kupingwa, mradi iwe kwa staha, na juri likashindwa kuafikiana. Kauli nzito mno kwa zama zile!

Historia za jumla nilizosoma zinamkazania Foote tu. Je, kisheria mchapaji na muuzaji walipimwa kwa kigezo kilekile cha mhariri, au ilibidi ithibitike walijua kilichoandikwa? Nianzie kumbukumbu zipi?