Mpiga chapa aliyeuza dawa dukani kwake anaweza kusema "mimi nilichapa tu"?

Mleta mada: Wadau, kila tukibishana juu ya matangazo ya dawa redioni, ziwe za nguvu au za kukata kitambi, hachelewi kutokea wa kusema chombo cha habari ni kipaza sauti tu, ukiuziwa maji ya rangi, mfuate aliyekuuzia. Naomba tuipime hoja hiyo kwa magazeti ya mwanzo ya makoloni ya Waingereza kule Amerika.

Boston News-Letter lilianza Aprili 1704. Toleo la kwanza kabisa likataja bei ya tangazo, peni 12 hadi shilingi 5: nyumba, shamba, meli, bidhaa, au mtumishi aliyetoroka. Mwaka 1708 likatoka tangazo la Daffy's Elixir, chupa ya nusu painti kwa shilingi 4 na peni 6. Kiini chake ni sanamaki iliyolowekwa kwenye pombe kali. Yaani dawa ya kukufanya uharishe, lakini ikasifiwa kwa maradhi chungu nzima. Muuzaji? Nicholas Boone, mwenye duka la vitabu, ambaye toleo lile la kwanza lilimtaja kuwa ndiye anayeliuza gazeti lenyewe.

Twende Philadelphia, Juni 1731. Benjamin Franklin alikuwa amechapa tangazo la nahodha anayetafuta abiria, lenye maneno yaliyowaudhi viongozi wa dini. Akaandika utetezi mrefu katika gazeti lake, Pennsylvania Gazette: wapiga chapa humhudumia kila anayelipa, na wangesubiri kitu kisichomuudhi mtu yeyote, kingechapwa kidogo mno. Sawa. Agosti mwaka huohuo, gazeti lilelile linatangaza kwamba mjane Read amehamia kwenye nyumba ya uchapaji na anaendelea kuuza marhamu yake ya upele. Haishindwi kamwe, inaua chawa, haina madhara hata kwa mtoto anyonyaye, shilingi 2 kikopo cha aunsi moja. Mjane huyo ni mama mkwe wa Franklin! Hapo kipaza sauti kiko wapi? Mimi naona duka, na gazeti ndiyo kibao chake cha mlangoni.

Mchangiaji (mfamasia): Mkuu, unawahukumu kwa maabara ambayo haikuwepo. Enzi hizo daktari msomi angekutoa damu na kukupa zebaki, tena kwa bei kubwa kuliko ya mjane. Aliyeishi mbali na mji, chupa ya dukani ndiyo ilikuwa hospitali yake. Ukitaka kukasirika, kasirikia Godfrey's Cordial, iliyokuwa na afyuni na ikanyweshwa vichanga vinavyolia. Lakini michanganyiko ilikuwa siri ya wenyewe. Mpiga chapa angejuaje?

Mchangiaji wa pili: Naongezea hapo kwenye siri. Turlington's Balsam, dawa nyingine ya chupa, ilipewa hati ya mfalme ya kulinda haki ya mbunifu wake, London mwaka 1744. Waigaji wakazidi hadi Turlington mwenyewe akabuni chupa ya umbo la pekee mwaka 1754. Ikasaidia nini? Biashara na Uingereza ilipovurugika miaka ya 1770, wenye maduka ya dawa Amerika wakawa wanajaza mchanganyiko wao kwenye chupa za umbo lile, jina lilelile. Mnunuzi aliyesoma gazeti alikuwa ananunua chupa tu, si dawa yenyewe. Hata hivyo tuseme kweli, bila fedha za hao wenye maduka, magazeti mangapi yangefikisha mwaka wa pili?

Mchangiaji wa tatu: Mnajadili chupa tu. Mwaka 1721 ndui iliua zaidi ya watu 800 Boston. Onesimus, Mwafrika aliyekuwa mtumwa wa mchungaji Cotton Mather, alikuwa amemweleza bwana wake jinsi kwao watu walivyochanjwa kwa usaha wa ndui wenyewe. Daktari Boylston akajaribu, na waliochanjwa walikufa wachache mno kulinganisha na walioambukizwa kwa kawaida. New-England Courant, gazeti la James, kaka yake Franklin, likaishambulia chanjo hiyo. Kumbe magazeti yalijua kuhoji tiba yalipotaka! Na tusiruke matangazo ya watu wanaouzwa: mengi yaliishia "ulizia kwa mpiga chapa", na gazeti la Franklin lilikuwamo. Kipaza sauti hakiulizwi bei ya mtu, jamani.

Mleta mada: Mfamasia, la maabara nalikubali, simdai Franklin kemia. Namdai maneno yake. Katika utetezi uleule anasema amekataa kuchapa vitu vinavyoweza kumdhuru mtu kwa kweli, hata alipoahidiwa malipo mazuri. Basi mlangoni kulikuwa na mlinzi. "Haishindwi kamwe" ilipitaje? Na kujua haikuhitaji maabara: mgonjwa mmoja asiyepona anatosha kuivunja kauli hiyo, na dawa ilikuwa ikiuzwa humohumo ndani. Kituo chenye hisa kwenye mzigo kinachoutangaza kibanwe sawa na muuzaji. Tangazo la "asilimia mia" lisisomwe na mtangazaji kana kwamba ni ushuhuda wake.

Mchangiaji (mfamasia): La hisa nimelipokea. Lakini umeanza na Boone na mama mkwe, ambao ni kesi nyepesi. Nionyeshe kosa la mpiga chapa asiye na chupa hata moja rafuni, aliyepokea shilingi zake 5 akachapa alicholetewa. Wengi wa leo ndio hao.