Programu ipi ya kuhariri inafaa filamu ya dakika 100?

Swali

Habari zenu wanajukwaa. Tunajiandaa kupiga filamu ya dakika 100 hapa Dar es Salaam, nami nitaihariri nikiwa na msaidizi mmoja atakayepanga klipu na kuoanisha sauti na picha. Nimezoea Premiere Pro katika matangazo ya biashara, lakini mtayarishaji anashikilia Avid Media Composer kwa kuwa ndiyo ya Hollywood, ilhali mpiga picha anapendekeza DaVinci Resolve. Fundi wa sauti anatumia Pro Tools, programu ya kuhariri na kuchanganya sauti. Naomba ushauri wa waliokwisha kumaliza filamu ndefu.

Jibu la kwanza

Ndugu, hoja ya Hollywood isikutishe. Ni kweli kwamba Avid, iliyoingia sokoni mwaka 1989, ingali inatawala studio kubwa, ila mhariri mashuhuri Walter Murch alihariri filamu ya Cold Mountain ya mwaka 2003 kwa Final Cut Pro, na Everything Everywhere All at Once, iliyotwaa Oscar ya uhariri, ilihaririwa kwa Premiere Pro. Nguvu ya Avid huonekana pale wahariri wengi wanapochangia hifadhi moja, kwa sababu folda ya klipu anayoifanyia kazi mmoja hujifunga, na wengine wakabaki kuitazama tu bila kuiharibu. Kwa watu wawili, sioni sababu ya kuacha programu ambayo mikono yako imekwisha kuizoea.

Jibu la pili

Naafiki kwa sehemu tu. Premiere hukodishwa, na uhariri wa filamu ndefu huweza kuchukua miezi mingi, wakati Resolve ina toleo la bure, na lile la Studio hununuliwa mara moja kwa dola 295. Toleo la bure huishia kwenye picha ya ukubwa wa pikseli (vitone vya picha) 3840×2160, kwa hiyo halitoi 4K kamili ya sinema yenye upana wa 4096, lakini 2K ya 2048×1080 hulitosha kabisa. Rangi nayo hupangwa humohumo, bila kuhamisha mradi.

Jibu la tatu

Mbona hakuna aliyeuliza kamera itarekodi fremu ngapi kwa sekunde? Kopi ya sinema kwa kawaida huwa ya fremu 24. Mkipiga kwa 25, kama ilivyo desturi ya televisheni zetu, kisha mkapunguza mwendo hadi 24, dakika 100 zitakuwa takriban 104 na sauti za waigizaji zitakuwa nzito kidogo. Resolve, tena, haikuruhusu kubadili idadi ya fremu za mradi ukishaingiza picha. Kubalianeni na mpiga picha kwanza. Kisha, kabla ya siku ya kwanza ya upigaji, hariri dakika moja ya majaribio katika programu unayoifikiria, umpelekee fundi wa sauti faili la AAF (faili la kuhamishia sauti na mpangilio wake kwenda programu nyingine) lenye ziada ya sekunde chache mwanzoni na mwishoni mwa kila klipu, naye akurudishie mchanganyiko wake. Ikiwa sauti itarudi na kukaa sawasawa na midomo, programu hiyo inatosha, hata ikiwa si ile anayoitaka mtayarishaji.