Uliyelamba kidole ukasugua meza yangu Kibuye mbele ya wateja, najua unasoma humu

Msasa80 (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, naandika nikiwa bado nimesimama hapa soko la Kibuye, Kisumu, mikono inatetemeka. Nikikosea herufi, alaumiwe yeye.

Sitaji jina, na hakuna haja. Kama umewahi kuuza au kununua kitu chochote kati ya Kondele na Nyalenda, unamjua. Yule wa kijiti mdomoni. Yule ambaye hata matangani anauliza jeneza limenunuliwa pesa ngapi. Eeh, huyo huyo.

AMELAMBA KIDOLE AKASUGUA MEZA YANGU.

Meza yenyewe ni ya mvule, ya watu sita. Niliinunua kwake mwenyewe kwa 1,200. Ilikuwa nyuma ya nyumba yake, imepakwa rangi ya mafuta ya buluu, ile ya milango ya shule ya msingi, na ndani ya droo kuna kuku anaatamia. Aliniambia kwa mdomo wake, "Niondolee takataka hii, ukichelewa naipasua kuni." Nikamlipa papo hapo. Kuku akahamishwa, akanidonoa, nikavumilia. Nikabeba kwa mkokoteni.

Nyinyi mnaosema fanicha ya mtumba ni kupaka vanishi tu na kungoja pesa, njooni mpige mvule msasa. Vumbi lake likikuingia puani unapiga chafya mpaka majirani wanaanza maombi. Halafu mbao hiyo ina mawe ndani. Mawe kabisa, chokaa iliyoganda humo mti ukiwa bado umesimama. Kisu cha randa yangu kilikutana nayo kikatoka pengo. Rangi niliipaka dawa ya kubandua, nikaikwangua kwa kipande cha bati, nikaanza msasa namba 80, nikapanda 120, 180, mpaka 240. Kuna mahali palibonyea, labda aliwahi kupasulia nazi hapo, sijui. Nikaweka kitambaa kibichi nikapitisha pasi ya moto juu yake, mvuke ukaivimbisha mbao ikarudi sawa na wenzake. Miguu imechomekwa kwa ulimi na vigingi, hakuna msumari hata mmoja. Nikaing'oa yote, nikakwangua gundi ya kizamani, nikaiunga upya. Sila, ile ya kuziba mbao kabla ya vanishi, msasa laini, sila tena, vanishi. Leo asubuhi nimeinama juu yake nikaona kidevu changu.

Bei 17,500. Wakaja mtu na mkewe kutoka Mamboleo, watu wastaarabu. Mama akapitisha kiganja juu ya meza, polepole, akarudia. Mfanyabiashara yeyote humu anajua mteja akishapapasa hivyo, mambo yameiva. Bwana akasema 16,000. Nikasema lete. Akatoa simu, akaanza kubonyeza namba ya siri.

Ndipo akatokea. Katoka kula samaki hapo nyuma. Hakusalimia mtu. Akazunguka meza kama polisi wa trafiki anayetafutia matatu kosa. Akalamba kidole gumba. Akakishindilia katikati ya meza YANGU, akasugua. Akakiinua akanusa. AKANUSA! Kisha akawageukia wateja wangu: "Kumbe hii ni ile meza ya kuku wangu. Nilimuuzia elfu moja na mia mbili."

Simu ya bwana ikarudi mfukoni. Mama akatazama kiganja chake, akakipangusa kwa leso.

Mnafikiri aliishia hapo? Wateja walipoondoka ananiambia nikiuza nimkumbuke na elfu tano, kwa sababu "mvule ni wangu, wewe umepaka tu." UMEPAKA TU! Na kidole bado kinang'aa mafuta ya samaki! Alama iko hapa mbele yangu, duara kamili, hata mistari ya kidole inasomeka. Naweza kuipeleka kwa wapelelezi.

Angesugua na kidole kikavu ningeelewa. Alilamba kwanza, wadau. Alilamba.

MtotoWaKondele

Yawa! Chai imenitokea puani. Ila swali moja tu kabla sijatoa pole: kuku alikuwa anaatamia au anataga? Maana kama kulikuwa na mayai ndani, umenunua meza na shamba.

MamaNyanya

1,200 mpaka 17,500 halafu unalia. Omera, mimi nauza nyanya Jubilee, nikipata shilingi tano juu ya moja natoa sadaka.

Msasa80

@MamaNyanya mama yangu, ongeza hapo dawa ya rangi, sila, thina, vanishi, msasa, mkokoteni, gundi. Ongeza kisu cha randa. Ongeza chafya. Lakini mnanitoa kwenye hoja. Hoja ni kidole.

SeremalaWaLuanda

Kijana, pole. Sasa nikuulize kama mzee wako. Hiyo alama ilibaki?

Msasa80

Ilibaki mzee. Naiona hivi ninavyoandika.

SeremalaWaLuanda

Vanishi iliyokauka haishiki alama ya kidole. Mvule una mafuta yake, na mafuta hayo huchelewesha vanishi kukauka, ndiyo maana sila inatangulia, na inatangulia ya kutosha. Tena kama ulipaka sila ya thina jioni mvua ikinyesha, angalia pembeni kama haijapauka nyeupe. Unyevu hufanya hivyo. Meza hiyo ilikwenda sokoni ikiwa mbichi.

Msasa80

Kwa heshima zote mzee wangu, imekauka. Hayo ni mafuta ya samaki. Mtu yule alikuwa amekula mbuta mzima peke yake.

SeremalaWaLuanda

Imekauka juu. Bonyeza kwa ukucha pembeni, utuambie.

Msasa80

Sibonyezi.

MtotoWaKondele

HABONYEZI 😂😂😂 Wadau, habonyezi!

JiraniWaManyatta

Mimi huyo mtu namjua. Alikuja harusi ya binamu yangu akaibonyeza keki. Bibi harusi anamwangalia. Akasema, "Haijaiva katikati."

Kibuye_Nyuma

Kwangu alikuja kununua mbuzi. Akamfungua mdomo akamhesabu meno, akamwangalia kwato, akasema mbuzi amezeeka, hana haja naye. Halafu akaniomba kamba. Nikampa! Mpaka leo sijui kwa nini nilimpa.

JiraniWaManyatta

Watu humpa vitu. Ni kile kijiti mdomoni, kinakuchanganya akili.

WakiliWaMtaani

Tuongee sheria kidogo, msije mkapotoshana. Kuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31. Mkikubaliana bei, ukalipa, ukabeba, mali ni yako. Hata ukiigeuza kiti cha enzi ukauza milioni, aliyekuuzia hana elfu tano hapo. Asikutishe. Kuhusu kulamba kidole, nimetafuta, sijaona kifungu.

Msasa80

Asante wakili. Angalau mmoja ameelewa.

WakiliWaMtaani

Karibu. Ila na mimi ningetaka kujua matokeo ya ukucha.

FreeAreaMoto

Nyinyi wa Kisumu mna raha sana, mnalilia mate. Njooni Nakuru muone. Nilinunua sofa ya watu watano, muuzaji akaniapia kwamba imefanywa upya mpaka mifupa. Kitambaa kipya, vifungo vipya, inanukia duka. Wiki hiyo hiyo nikaikalia ikatoa sauti. Nikaipindua nikaichana chini. Sponji inchi moja juu, chini yake magunia, chini ya magunia NYASI. Na ndani ya nyasi nikapata kadi ya kliniki ya mtoto ya mwaka 1998. Chanjo zote amepata. Mtoto huyo sasa ana ndevu, na nimekuwa nikikalia kadi yake.

MtotoWaKondele

Mrudishie mwenyewe, ataihitaji siku ya kuoa.

MwanaKakamega

Nakuru tangu wapewe hadhi ya jiji 2021, hata malalamiko yao lazima yawe makubwa kuliko ya wengine.

FreeAreaMoto

Wivu tu huo buda. Nyinyi hapo Kakamega hoja yenu kwenye uzi huu mzima ni kuku.

MwanaKakamega

Ndiyo, na bado haijajibiwa. Meza imeuzwa 1,200, sawa. Kuku yuko wapi sasa? Anaatamia wapi? Nauliza kwa nia njema.

Msasa80

Kuku si wangu! Wadau turudi kwenye kidole. Mtu amelamba kidole, AMENUSA, mbele ya mteja ambaye namba ya siri alikuwa ameifikisha katikati.

Kibuye_Nyuma

Pole kaka. Lakini watu wa mkokoteni ndio wabaya zaidi, tuseme ukweli. Nilimpa mmoja meza ya vipodozi yenye kioo kutoka hapa mpaka Nyamasaria. Nikapanda boda nikatangulia. Nageuka namwona amechoka, anapumzika. Amekalia wapi? Kioo! Ati alidhani ni cha plastiki.

TuktukTajiri

Wa tuktuk tuko, bei nafuu, hatukalii kioo cha mtu.

Kibuye_Nyuma

Nyinyi wa tuktuk ndio mlinivunjia mguu wa kabati kwenye tuta la Kondele, nyamazeni kabisa.

SeremalaWaLuanda

Hata mbao zenyewe siku hizi zinatia hasira. Tangu serikali ipige marufuku ukataji miti msituni mwaka 2018, bei ilipaa. Rais alipotangaza kuondoa marufuku 2023 nilifurahi nikamwambia mke wangu sasa tutapumua. Mimi sijaona bei ikishuka. Mnauziwa saipresi iliyokatwa juzi, inatoa maji ukipigilia msumari, baada ya miezi mitatu droo haifunguki. Ndiyo maana kijana wa meza amefanya akili kutafuta mvule wa zamani. Mbao hiyo imekauka miaka mingi, haitapinda tena. Kazi yako si mbaya, kijana. Vanishi tu.

Msasa80

Mzee naomba tusirudie mambo ya vanishi.

MamaNyanya

Mimi nimeipenda hiyo meza. 9,000 nakuja nayo kesho asubuhi, na kidole chake kikiwemo.

Msasa80

Mama, 16,000 ilikuwa imekubaliwa.

MamaNyanya

Ilikuwa imekubaliwa kabla hatujajua habari za kuku.

MtotoWaKondele

Kwa hiyo yule mtu ameshusha bei ya meza kwa 7,000 kwa kutumia kidole kimoja. Angetumia mkono wote ungelipa wewe.

FreeAreaMoto

Kwani hakuna anayeona uchungu wangu? NYASI, watu wangu. Kavu. Mbuzi wa jirani aliingia sebuleni akaanza kula kiti.

MwanaKakamega

Hapo nakuonea huruma. Kama unataka kuhama kwenye mambo ya sofa, mimi nina kabati la nguo, milango miwili, mahogani, halijaguswa rangi wala vanishi. Mtu akilipiga msasa litamlipa. 6,500.

Kibuye_Nyuma

Mahogani kweli, au ile rangi ya mahogani?

MwanaKakamega

Mahogani. Njoo uinue mlango mmoja, mgongo utakuambia.

Kibuye_Nyuma

Nina 4,000. Lina wadudu? Chini hakuna ule unga unga unaomwagika kutoka kwenye vitundu?

MwanaKakamega

Vitundu viwili nyuma, vya zamani, nilivijaza mafuta ya taa. Unga hakuna. 5,500, na usafiri ni wako.

Msasa80

Jamani. Uzi wangu.

TuktukTajiri

Kakamega mpaka Kibuye kabati moja naweza, tuongee.

Kibuye_Nyuma

@TuktukTajiri wewe kaa mbali. @MwanaKakamega milango yote inafunga?

MwanaKakamega

Wa kushoto unafunga vizuri. Wa kulia unafunga ukiuinua kidogo kwa goti.