Baba mkwe ni mvuvi wa Ukerewe: nimlipie nahodha Ziwa Lewisville, au ni kumdharau?

Mkwe_wa_Nansio

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo.

Nipo Denton, kaskazini mwa Dallas. Baba mkwe amekuja kututembelea, anarudi nyumbani mwanzoni mwa Mei. Mzee amevua Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria, tangu ujana, dagaa wa taa, sangara wa nyavu na wa mishipi, na sasa anashinda sebuleni akitazama runinga ya lugha asiyoielewa. Juzi nikampitisha dukani kwenye vifaa vya uvuvi. Akashika mshipi wa nailoni, akauzungushia kwenye vidole viwili, akauvuta, akaniuliza: "Huu wa samaki gani, furu?" Furu ni visamaki vidogo vya kwetu. Muuzaji anatabasamu tu, hajui biashara yake inachekwa.

Sasa jamaa wa kazini ananiambia huu ndio msimu wa besi mweupe Ziwa Lewisville, nikodi nahodha mwenye boti, asubuhi moja tu, anakuja na kila kitu. Bei ni dola mia kadhaa. Mke wangu anasema baba yake ataona tumemletea mwalimu. Nilipe, au tununue vifimbo viwili tukakae ukingoni? Na Mzee aliyeingia kwa viza ya matembezi anaruhusiwa kuvua? Huyo samaki mwenyewe analika? Naombeni ushauri, kucheka mtacheka baadaye.

Kasia_Moja

Mtu wa Ukerewe apelekwe kuonyeshwa samaki na kijana wa Texas! Tumecheka sasa hivi, samahani mkuu.

Chubwi

Kaka, lipa. Hulipii kufundishwa kuvua, unalipia kujua samaki wako wapi wiki hiyo.

Besi mweupe hatulii. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi Aprili, maji yakifika nyuzi 12 hadi 20 hivi za Selsiasi, anapanda mito na vijito kwenda kutaga. Madume hutangulia, majike hufuata. Hana habari ya kiota wala ya kulea kama sato. Mayai yanamwagwa juu ya changarawe, yananata hapohapo, na mzazi huyo anageuza kurudi ziwani. Kwa hiyo leo kundi lipo mdomoni mwa kijito, wiki ijayo lipo juu ya kilima kilichozama katikati ya maji, na wewe wa ukingoni unaambulia upepo. Lewisville ni bwawa, wamezuia mto Elm Fork unaoingia Trinity, kwa hiyo chini kuna mabonde, vilima na visiki vya miti ambavyo kwa macho huvioni. Nahodha yuko majini kila siku na ana sona, mashine ya kupima kwa sauti majini, inayomwonyesha kundi limelala wapi.

Akishalipata, atawapa fimbo fupi zenye kipande cha risasi kilichopakwa rangi nyeupe, ndoano ikiwa chini yake. Mnakiacha kizame mpaka kiguse tope. Unakiinua shubiri mbili, unakiachia. Besi anakigonga kikishuka, mara chache sana kikipanda, kwa hiyo mshipi ukilegea kabla ya wakati wake, vuta, huyo amekwishashika. Mzee aliyevua kwa mkono ataligundua hilo kabla nahodha hajamaliza kueleza. Rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi kwenye fimbo, ndiyo itamsumbua, na hapo mwambie nahodha mapema: "Huyu ni mvuvi wa kazi, mwonyeshe rili tu, mengine muache." Manahodha wengi watafurahi kupata mteja wa hivyo. Siku nyingi wanashinda wakifumua mishipi ya watu waliokuja kupiga picha.

Halafu kuna ndege. Besi wakiwasukuma vidagaa vya huku, wanaitwa shadi, hadi juu, ndege weupe wanashuka kwa kelele na maji yanachemka. Nina hakika Mzee atanyoosha kidole kabla ya mashine kulia.

Dada_wa_Irving

Kuhusu sheria, maana hapo ndipo watu wetu wanaumia. Leseni ya kuvua haiulizi viza. Mzee atachukua ya mgeni ya siku moja, haifiki dola 20, na pasipoti inamtosha kwa kitambulisho. Inapatikana kwenye tovuti ya Texas Parks and Wildlife au madukani. Wewe ukiwa umeishi Texas miezi sita mfululizo unachukua ya mkazi. Kila mtu na yake, ya nahodha haiwafuniki. Mtoto wa chini ya miaka 17 haihitaji, ila akiwa chini ya 13 lazima avae jaketi okozi boti ikiwa inatembea. Mzee kisheria atavaa akipenda. Mvalisheni.

Idadi: besi weupe 25 kwa mtu kwa siku, na asiyefika inchi 10 anarudi majini. Angalizo ni kwamba Lewisville kuna pia chotara wa besi mweupe na besi milia. Huyo ni inchi 18 kwenda juu na mwisho ni 5. Wakiwa wadogo wanafanana. Tazama mistari ubavuni: kwa besi mweupe ni mmoja tu unaofika mkiani, kwa chotara inafika kadhaa. Ukisitasita, mwachie.

Uvira_FortWorth

Ndugu yangu, miye natoka Uvira, baba yangu alikuwa mvuvi wa Tanganyika. Mbona mnamupeleka mtu kulipa pesa nyingi hivi? Mwezi wa tatu sisi tunaenda kwenye vijito, tunasimama tu pembeni, tunarusha kachambo kadogo kenye kapanga ka kuzunguka, na tunapata. Ni bure. Tena mukipata 25 kila mutu ni 50, watu wa kanisa watanunua zote na pesa ya nahodha inarudi.

Dada_wa_Irving

Kaka Uvira, la kijitoni nakuunga mkono. La kuuza hapana kabisa! Besi mweupe Texas ni samaki wa michezo, ukimvua kwenye maji ya umma ni marufuku kumuuza, hata kwa muumini mwenzako. Gawa bure, hakuna atakayekugusa.

Uvira_FortWorth

Aksanti dada. Basi nitagawa. Lakini kijito bado nasema.

Chubwi

Kijito ni kizuri Machi, ila mwenye uzi ameuliza Aprili ikiwa imeanza. Sasa hivi wengi wameshataga wanarudi ziwani, na wa ukingoni atawapata kwa bahati. Isitoshe kingo za vijito ni tope na magogo. Mzee ana magoti ya umri gani?

MamaZuu

Nyie wanaume mmeongea boti na rili, mimi niongee sufuria.

Analika, na ni mtamu, ila ana masharti mawili. La kwanza barafu. Akitoka majini aingie kwenye barafu papo hapo, asiachwe kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu. La pili, chini ya ngozi ubavuni ana ukanda wa nyama nyekundu iliyoiva rangi. Huo ndio wenye shombo kali inayowafanya watu waseme samaki huyu hafai. Ukichuna mnofu utauona umelala katikati kwa urefu, pitisha kisu kilale, uukwangue wote. Kinachobaki ni cheupe. Wenyeji wanakigaragaza kwenye unga wa mahindi na kukaanga, na kwa hilo sina ugomvi nao.

Lakini sikia linaloniuma. Mwaka juzi tulikwenda na nahodha mmoja, mkarimu, kisu chake cha umeme kama kinyozi. Tukafika nchi kavu, akaweka samaki mezani, zzz, zzz, minofu huku, na vichwa na miiba yote akatupa kwenye pipa. Mama yangu alikuwepo. Alinyamaza njia nzima mpaka nyumbani. Sasa wewe una mtu wa Ukerewe! Mwambie nahodha kabla hata hujalipa: "Samaki wetu tunachukua wazima." Utawapaa na kuwatumbua mwenyewe jikoni. Tahadhari na miiba ya mgongoni na ncha za mashavu, inachoma kama wembe.

Kasia_Moja

Ukitafuta matangazo, wengi huku wanamwita "sand bass". Ndiye huyohuyo.

Na uulize sera yake ya hali ya hewa. Aprili baridi ya kaskazini inaweza kuingia usiku mmoja, asubuhi ziwa limechafuka, na nahodha mwenye akili anaahirisha bila kukutoza. Asiyeahirisha mkimbie. Hata siku njema, saa kumi na mbili asubuhi boti ikikimbia, Mzee atahitaji koti zito, kofia ya masikio na chai ya chupa. Bahashishi ni desturi, asilimia 15 hadi 20.

Mkwe_wa_Nansio

Mmenifaa sana, hasa MamaZuu, hilo la vichwa lingeleta kesi ya ukoo.

Nimezungumza na nahodha kwa simu, nikamweleza habari za Mzee. Akauliza kama Mzee ataweza kumwonyesha jinsi wanavyovua dagaa kwa taa, na amekubali samaki wazima bila shida. Nimelipa rubuni, tunatoka Jumamosi, upepo ukikubali.

Mzee nimemwambia jana usiku. Kimya. Kisha akauliza maswali matatu: boti ina urefu gani, huyo kijana baba yake naye ni mvuvi, na kwa nini samaki 25 tu. La tatu nikamjibu kwamba ni sheria ya serikali. Akasema hata kwao serikali inakuja ziwani, inachoma makokoro, ila haijawahi kumhesabia mtu samaki mmojammoja. Asubuhi nikamkuta amekwishatoa koti langu la baridi kabatini, analijaribu.

Swali la mwisho: friza yetu ni ndogo. Samaki 50 wazima wataingia?

MamaZuu

Hawataingia. Pelekeni kreti mbili za barafu, na mkifikisha kitoweo chenu cha wiki mbili acheni, hakuna anayewalazimisha kumaliza idadi. Vikizidi vichwa, mimi nipo Garland.